Naliaka na Wachimba Mvuke

Naliaka alikuwa na miaka thelathini na nane alipoingia mwaka wa nne wa masomo ya uhusiano wa kimataifa, katika chuo kimoja mjini Nakuru. Wanafunzi wenzake walimwita Auntie, naye hakujali. Babu yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, baba yake akawa karani wa kiwanda, na yeye mwenyewe alikuwa amepika miaka kumi na miwili katika kantini ya wafanyakazi kule Olkaria, ambako mvuke wa chini ya ardhi hugeuzwa kuwa umeme.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti wake peke yake na kuutetea mbele ya jopo la wahadhiri. Wengi walichagua mikataba na mabalozi. Naliaka akachagua mafundi aliokuwa akiwapakulia ugali, wale waliowahi kwenda Jibuti kuwafundisha wenzao kuchimba visima vya mvuke.

"Kuna mtu ameandika juu yao?" akauliza msimamizi wake, Daktari Kosgei.

"Nimetafuta, Daktari. Sijaona."

"Basi utasumbuka na marejeo. Lakini anza tu."

Alianza vibaya. Aliandaa maswali arobaini kwa mtindo wa vitabuni, akawapelekea mafundi sita. Karatasi zikarudi zimejaa ndiyo na hapana, na mmoja aliandika "sawa" kila mahali. Kosgei alizipitia zote. "Umewahoji kama polisi," akasema. "Hawa watu si wanakujua? Enda ukae nao."

Jumamosi iliyofuata akapanda hadi kijiji cha Dundori, kwa mzee Kamande, fundi aliyestaafu na kurudi shambani. Akamkuta anavuna viazi. Naliaka akakunja mikono ya sweta, akainama kuokota pamoja naye. Walikuwa kwenye mstari wa tatu mzee alipoanza kusimulia bila kuulizwa.

"Sisi tulijua Kiswahili na Kiingereza. Wao, Kifaransa na Kisomali. Na mtambo ukinguruma, hata lugha yako mwenyewe husikii. Sasa utafundisha vipi? Tukatengeneza ishara za mkono." Akagonga ngumi mara mbili juu ya kiganja. "Hii ni ngoja kidogo."

Naliaka akaacha kuokota. Ishara hiyo aliijua. Wafanyakazi waliitumia kantini wakiwa bado wanatafuna, naye akaichukua, hata akawa anawafanyia watoto wake nyumbani. Miaka yote alidhani ni mchezo wa watu wa Olkaria.

"Hiyo mlitoka nayo Jibuti, mzee?"

"Wapi. Niliibuni mimi."

Kosgei alifurahi, lakini akasema shahidi mmoja hatoshi. Naliaka akaenda Elburgon, kwa Elphas, fundi mwingine aliyekwenda Jibuti, ambaye siku hizi alinoa misumeno katika kiwanda cha mbao. Elphas akaonyesha ishara ileile, kisha akacheka aliposikia madai ya Kamande. "Huyo mzee anapenda sifa. Tulifundishwa na vijana wa huko. Mimi nilikuwepo."

Ndipo Elphas akampa namba ya mmoja wa vijana hao, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa zamu huko kwao. Wakaongea kwa simu, Kiingereza cha kuungaunga pande zote mbili. Yule bwana akajibu kwa uhakika kabisa: ishara zile zililetwa na Wakenya, nao walizipokea kwa heshima wakidhani ni kanuni za kazi.

Naliaka alikaa na majibu hayo matatu karibu wiki nzima. Alijaribiwa kuchagua moja ili sura ya nne inyooke. Mwisho akayaandika yote, kila moja kwa jina la msemaji wake, na kusema wazi kwamba hakuweza kuamua.

Siku ya kutetea, mwanajopo mmoja, Daktari Jepkemei, akaifungua sura hiyo. "Kwa hivyo nani alibuni?"

"Sijui, Daktari," Naliaka akasema. "Kila mmoja anamtaja mwingine, isipokuwa mzee Kamande. Vitabu tulivyosoma vinasema ujuzi hutoka kwa anayefundisha kwenda kwa anayefundishwa. Hapa, waliokuwepo wenyewe hawakubaliani nani alikuwa mwalimu. Hilo ndilo nimelipata."

Jepkemei akaandika kitu, akatikisa kichwa kukubali. Walimtoa nje, wakamwita baada ya muda mfupi, wakamwambia amepita na arekebishe marejeo. Akawashukuru, akatoka hadi uwanjani, akakaa kwenye nyasi na viatu mkononi.

Nakala ya kwanza aliyojalidi aliipeleka Dundori. Kamande akavaa miwani, akasoma ukurasa wenye jina lake, halafu ule wa Elphas. Akasoma tena.

"Elphas ni mwongo," akasema kwa upole. "Lakini umeniandika vizuri. Niachie hii mpaka Jumapili, niwaonyeshe watu kanisani."

Naliaka akamwachia. Mke wa mzee alikuwa ameshaleta chai, na viazi vya moto vilikuwa vinatoa mvuke kwenye sahani.