Kona ya Nne ya Shamba la Mzungu

Wengine hupenda mambo haya yawe ya usiku wa manane. Yangu yalitokea saa tisa mchana, sikuwa nimelewa, na mwenye shaka aje anione hapa nilipo, maana kwingine siwezi kwenda.

Ilikuwa wakati wa vita. Nilitoka Kayna kwa miguu nikitafuta kazi Beni. Karibu na Vuhovi mvua ikanipata, nikakimbilia nyumba kubwa iliyoachwa na mzungu wa kahawa, juu ya kilima. Vyumba kumi na kimoja, mlango hata mmoja hakuna. Ningenyamaza tu mpaka mvua iishe! Lakini mimi hata shule niliiacha kwa sababu ya maswali yangu. Barazani alisimama mzee mwenye koti refu. Nikamwuliza: "Papa, hii nyumba iko ya nani?"

Alicheka kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Mwana wangu, tangu muzungu akimbie, weye ndiye wa kwanza kuuliza!"

Akaanza. Mzungu alipewa karatasi ya shamba na serikali yake. Alipokimbia, mkubwa mmoja wa Kinshasa akapewa karatasi nyingine, akauza milango. Kisha mfanyabiashara, naye na karatasi yake. Kisha wanajeshi na bunduki.

"Karatasi, bunduki, ni mamoja," alisema. "Hakuna hata mutu moja alitembea mupaka."

Basi akanitembeza mimi, kwenye mvua ile! Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na ile miti yetu ya mpakani yenye majani marefu, na kila mti na jina la aliyeupanda. Ndiyo, papa, nimeona, papa. Nilikuwa na njaa. Kona ya nne ilikuwa ndani ya salon, sebule yenyewe, pale mzungu alipojenga mahali pa kuotea moto.

"Mama yangu alikuwa anapikia hapa," akasema, akanipa kibuyu cha kasikisi, pombe yetu ya ndizi.

Kwetu, aliyeonyeshwa mipaka akanywa, huyo ni shahidi. Hilo nalijua tangu utoto. Lakini nani hukataa pombe akiwa amelowa? Nikanywa. Nilipoinua macho kushukuru, nikaona koti lake: kavu. Niamini, hata tone moja. Halafu koti halipo, na mzee hayupo.

Nilikimbia hadi shamba la chini, kwa mama mmoja aliyejikinga kwa jani la mgomba.

"Ulikunywa?"

"Kidogo tu, mama."

Akapiga makofi. "Ee Nyamuhanga, Mungu wetu! Sisi bote tunakataa kumuuliza miaka yote hii, mujinga mumoja anatoka Kayna, anauliza, anakunywa! Shahidi hapana kuhama, papa. Weka mizigo chini."

Nilimcheka. Mara nne nimeondoka kwenda Beni. Mara nne nimeketi kidogo kando ya barabara, nikafumba macho, na nikiyafumbua niko salon, viatu vimejaa tope la kona tatu. Wenye karatasi bado wanakuja. Mdomo wangu unafunguka wenyewe, maneno ya mzee yanatoka, mti kwa mti. Mmoja alinipiga. Mimi, ambaye sijawahi kumiliki hata kiti! Na paa linavuja.

Donc, basi, ukikimbilia nyumba ya watu kwa sababu ya mvua, jikinge, nyamaza. Usiulize ni ya nani. Kuna mtu anangoja kuulizwa. Siku hizi anayesimama pale barazani ni mimi, na kibuyu kimejaa.