Viganja Alivyoviacha Karani

Alipofika beti ya mwisho niliacha kukuna nazi. Ilikuwa hitima ya tajiri mmoja wa mashamba, kule Wambaa, wanaume ukumbini, sisi wanawake uani na masufuria. Karani wa mzani wa karafuu alikuwa akisoma utenzi wa kumlilia marehemu, na tangu beti ya kwanza nilijua kila neno linalokuja, maana niliutunga mie. Nikangoja jina langu. Likatoka la kwake. Jirani yangu akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Karani huyu kajaaliwa, shoga." Nikaendelea kukuna.

Utenzi ule niliutunga ndui ilipoingia kwetu Kengeja. Ilimchukua mume wangu, mchuma karafuu, mie ikaniachia makovu haya ya uso. Chuo cha Kurani nilikiacha nilipoolewa, nina juzuu tatu tu kichwani. Kuandika nilifunzwa na mjomba wangu, aliyekuwa akiwaandikia watu barua na tungo za harusi. Mpaka leo nikisikia harufu ya masizi mabichi namwona mkekani, akikwangua chungu, akichanganya wino na gundi ya mkanju, huo mkorosho, ndani ya kifuu. Kalamu alizichonga mwenyewe kwa matete, ncha akaikata mshazari, akaijaribu ukuchani. Watu walimletea muhogo, wengine pweza, naye akawaambia na karatasi waje nayo. Barua haikutoka mpaka mwenyewe asomewe mara mbili. "Ikishafungwa," aliniambia, "kosa la mteja huwa kosa lako." Kila utungo aliuandika mara mbili, mmoja wa mteja, mmoja wa sandukuni, na jina lake akalitia beti ya mwisho. Siku zile niliona dunia nzima inaenea ndani ya sanduku lile.

Wangu niliuandika mara moja tu, nikauweka sandukuni mwa mjomba. Karatasi ilikuwa haba, tena nani angetaka kilio cha mjane? Karani akapita kwa mjomba, akaomba kuuazima wiki moja aunakili. Mjomba akampa bila kuniuliza, akaona fahari mtu wa ofisini kuitaka kazi yetu. Nilipoudai, karani alisema umeliwa na mchwa. Mjomba naye akanambia, "Muachie, mwanangu, mtu mkubwa yule." Basi ndio hao wawili wangu: mmoja aliiba, mmoja alimfungulia mlango.

Nyinyi mnaoanza kuandika, jina msilitie beti ya mwisho peke yake. Huko hung'olewa bila jasho. Litieni na katikati, kwenye vina, atakayelitoa abomoe beti nzima. Na asipewe mtu karatasi yenu mpaka ya pili iwe sandukuni.

Karani alimtoa mume wangu, akamtia tajiri. Beti moja tu hakuigusa, ile ya viganja vilivyochanika kwa magome ya mikarafuu. Akaisoma kama nilivyoiandika, na wanaume wakaitikia, nao wote wakijua kuwa tajiri yule hakukwea mkarafuu hata mmoja maishani mwake. Mjomba keshafariki, nimemuachia Mungu. Karani yu hai, ana baraza lake Wete, na watu humwita mtunzi. Namuuliza mbele yenu, na ajibu kwa mdomo wake: viganja vile vilikuwa vya nani?