Mluzi wa Lakhdar

Lakhdar, fundi viatu wa mtaa wa Bab El Oued, akili yake yote ilikuwa kwa chiriku, wale wa uso mwekundu na mstari wa njano bawani. Ujanani aliwanasa milimani kwa ulimbo mpaka wakaisha, na aliyewamaliza alimjua: yeye na wenzake. Alipoona hivyo akaapa kutogusa tena ndege wa porini. Sasa alizalisha wake mwenyewe kibandani juu ya paa.

Lakini kinda hujifunza kuimba kwa kumsikiliza mkubwa, na wakubwa wa Lakhdar wote walifundishwa kwa nyimbo zilizorekodiwa kwenye simu. Waliimba kama tangazo la redio. Pale mkahawani, penye mashindano ya ndege waimbao kila mwaka, watu waliwacheka waziwazi, na iliuma.

Asubuhi moja shemeji yake Toufik akaja kutoka mpakani na kikapu cha nanaa. Chini ya nanaa alikuwamo chiriku wa porini.

"Mwalimu huyo, shemeji. Mweke karibu na makinda yako uone."

Ndege akaimba kidogo tu. Machozi yakamlengalenga Lakhdar. Sauti ile hakuisikia miaka ishirini.

"Mlitoka nao wangapi?"

"Wengi tu."

"Nakuuliza wangapi, Toufik!"

"Sitini. Wamefika tisa. Joto lile, mimi ningefanyaje?"

"Acha kikapu. Kinakwenda kwa maofisa wa misitu sasa hivi. Ukitaka jina lako liende nacho, kaa hapohapo."

"Mkaidi wewe! Makinda utayafundisha kwa kitu gani, nyundo?"

"Nitayafundisha mwenyewe."

Toufik akashuka ngazi mbiombio. Tangu siku hiyo Lakhdar alipiga mluzi kila alfajiri, akiukumbuka wimbo wa milimani kipande kwa kipande, midomo ikampasuka, na katikati pumzi ikamwishia mpaka ahemee kwa mkoromo.

"Baba Amel, majirani wanasema umerukwa na akili," mkewe alimwambia.

"Waache waseme."

Siku ya mashindano kinda lake liliimba wimbo wa milimani wenyewe. Watu wakaweka vikombe chini. Katikati ya wimbo ndege akakatiza, akahema kwa mkoromo kama mzee aliyepanda ngazi, kisha akaendelea. Watu wakaangua kicheko, na Lakhdar hakupata hata nafasi ya tatu.

Aliyecheka kuliko wote ni Hadj Slimane, mnunuzi mkubwa wa ndege wa magendo. Kesho yake akaingia kibandani na tundu la makinda, akaketi bila kukaribishwa.

"Haya, piga mluzi, bwana, na hawa wangu wajifunze. Ila hapo pa kuhema, jitahidi upapite haraka."