Kijiti Alichoniwekea Yaya

Dada mkubwa wa bwana yangu ni muuguzi. Nyumbani kwetu Mabanga kila mtu alimwita Yaya, yaani dada mkubwa, hata mimi, maana ndiye aliyenipokea nilipotoka Rutshuru kuja kuolewa. Mtoto wetu wa tatu alipoanza kutembea, Yaya alinishauri niweke kijiti cha uzazi wa mpango. Alikiweka mwenyewe, chini ya ngozi ya mkono wangu wa kushoto. Nilimuuliza kama kitanibadilisha.

"Hapana. Labda damu ya mwezi itapotea kidogo," alisema. "Mutu akikuambia kingine, anakuogopesha tu."

Baada ya majuma kadhaa nikaanza kulia. Nilikuwa naosha sombe, majani ya muhogo, machozi yanadondokea ndani ya beseni, na sijui nalilia nini. Kisha ikaja hasira. Siku moja nilimtupia bwana yangu sahani ya maharagwe kwa sababu aliomba chumvi. Aliokota vipande akavitia kwenye ndoo, na mimi nikaona ana huruma.

Mama mkwe alikuja kutoka Munigi na akina mama wa kanisa. Wakaniwekea mikono kichwani, wakakemea pepo. Yaya alikuwa miongoni mwao, amefumba macho, anaitikia amina. Wenzake walipoondoka nilimuuliza Yaya kama si kijiti kinacholeta haya.

"Kijiti hakiingiaka mu kichwa, mama. Ni roho yako. Uombe."

Nikaomba. Nikafunga. Nikaamini kwamba mimi ni mama mbaya.

Asubuhi moja nilikuwa naanika nguo nyuma ya ukuta wa mbao. Upande wa pili jirani alikuwa anamuuliza Yaya habari za kijiti. Nikamsikia akijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Miye nilikitoa. Kilikuwa kinanifanya nalia bure kila siku. Wengine hawapate kitu, lakini weye utumie njia ingine."

Nilizunguka ukuta nikiwa na shuka mbichi mkononi. Jirani akaondoka.

"Yaya, juu ya nini haukuniambia?"

Alitazama chini. "Bwana yako ndiye aliniomba. Alisema ukijua utakataa, na yeye hana nguvu ya mutoto wa ine. Ulipoanza kulia nilimwambia ni kijiti. Akasema tungoje, utazoea."

Siku hiyohiyo nilienda kwenye kituo cha afya cha Majengo, ambako hakuna aliyenijua, wakakitoa. Muuguzi wa pale alisema hali hiyo huwatokea baadhi ya wanawake, na kwamba nilipaswa kuambiwa.

Bwana yangu aliporudi kutoka kazini aliona bendeji.

"Uliwaacha wanikemee pepo," nilimwambia, "na ulikuwa unajua."

"Niliogopa."

"Hata mimi sikutaka mtoto wa nne. Ungeniuliza, tungechagua pamoja."

Alikaa kwenye kiti, akafunika uso. Aliomba msamaha siku ile, na siku nyingine nyingi. Sikuhama. Sasa natumia njia nyingine, niliyoichagua mwenyewe, na Yaya akija Jumapili nampa chakula kama mgeni.

Machozi yalikatika polepole, na hasira nayo ikaisha. Lakini binti yetu mkubwa aliendelea muda mrefu kusimama mlangoni mwa jikoni, anausoma uso wangu kwanza, ndipo aingie. Hilo ndilo ambalo bado sijawasamehe wale wawili.