Sahani Aliyopokonywa Mama Zuhura

Harufu ya mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, ikipanda kutoka jiko la kando ya barabara, hunikasirisha hadi leo. Tangu niache shule nimezunguka sana, nimebeba mizigo ya wapanda mlima Naro Moru, nimeuza samaki Sagana. Kote huko harufu hiyo hunirudisha Nyeri, kwenye ua wetu wa Majengo, siku ya ubatizo wa ndugu yangu.

Mama Zuhura, jirani yetu Mwislamu, alikuwa jikoni kwake akitupikia chapati tangu alfajiri. Mama yangu alimwahidi kwamba mbuzi angechinjwa na mzee wa msikitini, ili sote tule sufuria moja. Lakini mbuzi aliletwa na Mjomba Gachanja, kaka yake mama, naye alikuja amenuna.

"Ati mtu wa msikiti anichinjie mbuzi yangu? Kwani sisi hatuna mikono?"

Wengine walipokwenda kanisani, mimi niliachwa nyumbani, mashavu yamevimba kwa matumbwitumbwi. Nilimwona mjomba nyuma ya choo akimziba mbuzi pua na mdomo hadi akafa, kama walivyofanya wazee wa zamani, damu ya mutura isipotee. Baadaye akanichomea figo, fungu la wasichana kwa mila yetu.

"Kula, na unyamaze."

Wakati wa chakula mjomba mwenyewe alimpakulia Mama Zuhura. "Karibu, mama. Yote ni halali." Wenzake aliokuja nao wakaziba midomo wasicheke. Mama aliwaona.

"Njeri, nani alichinja?"

Nikasema.

Mama alivuka ua, akampokonya rafiki yake sahani mbele ya watu wote, akawamwagia mbwa.

"Mama Njeri! Nimekukosea nini?"

"Usile. Wamekudanganya, tena kwangu."

"Unaniaibisha kwa sababu ya hawa?" mjomba akafoka.

"Toka kwangu, Gachanja."

Alitoka, na hakurudi hata mama alipougua. Mama Zuhura pia aliondoka. Nilimchukia mama. Niliona ameharibu karamu, amemwaibisha mgeni, amemfukuza mtu aliyenipa figo. Ilibidi nile kwa watu wengi nisiowajua, katika miji mingi, nikitia mkono sahanini kwa kumwamini tu aliyenipakulia, ndipo nijue mjomba alitaka kuiba nini.

Wiki ya tatu baada ya karamu ile Mama Zuhura alileta bakuli lililofunikwa, akaliweka mezani, akasimama. Mama alifunua, akala bila kuuliza ni nini.

Mimi nilidhani ana njaa tu.