Uki ya Mjomba Hadi Kathonzweni

Mjomba Mutua aliniita nyumbani kwake, kijijini Tulia, kwa sababu binti yake, Mwende, alikuwa amepata mchumba, na Mjomba mwenyewe hakuwahi kupeleka ntheo, wale mbuzi wa kumhalalisha mke. Kwetu Ukambani, baba wa namna hiyo hawezi kupokea mbuzi wa bintiye. Yeye na Mama Mwende walikuwa wameishi pamoja hadi wakaota mvi, naye akidhani jambo hilo limesahaulika. Mimi huwahudumia wageni mvinyo katika hoteli moja Nairobi, basi nikapewa kazi ya kubeba uki, pombe ya asali, na kuimimina mbele ya wakwe zake.

Asubuhi tukiwa bado Tulia, uki ilikuwa inatoa povu ndani ya kibuyu. Nilitaka kukifunika kwa kitambaa tu. Lakini Mjomba ni mzee wa kanisa, ameokoka, na harufu ilimtisha kuliko wakwe. Akaziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi la mahindi, akazungusha nailoni, akakaza kwa mpira wa tyubu.

"Mjomba, hii bado inachachuka. Iachie hewa."

"Hewa gani? Pasta anakaa hapa tu sokoni. Unataka anuse?"

Akakivika kibuyu blanketi tulilowanunulia wakwe, akakilaza miguuni pake. Mimi nilikaa mbele na dereva wa pikapu, Mjomba na Mama Mwende nyuma yetu, mbuzi kule mwisho.

Kanyangi tulinywa chai. Jua lilikuwa limekuwa kali, nikamkumbusha habari ya kibuyu. Akaniambia nisimfundishe uzee. Mama Mwende alikuwa akitazama nje tangu nyumbani, nami nikadhani ni furaha.

Tulipovuka Mto Athi na kukaribia Kathonzweni, kwa wakwe, kibuyu kilipasuka kwa kishindo. Dereva alikanyaga breki, mbuzi wakalia. Mjomba alikuwa amelowa kuanzia magotini, ananuka kama kilabu. Nilicheka sana mpaka nilipomwona akiokota vipande vya kibuyu kimoja kimoja.

"Sasa hawa watu nitawaambia nini?" akauliza. Nilimwonea huruma. Kwenye kitako cha kibuyu kulikuwa kumebaki uki kidogo, nikaimimina kwenye chupa ya maji na kuacha kifuniko kimelegea.

Nyumbani kwa wakwe, alitupokea kaka yake Mama Mwende, Mzee Kioko. Mjomba alimweleza yote, hata habari ya pasta.

"Hiyo uki ulificha," Mzee Kioko akasema. "Na dada yangu, yeye pia ulikuwa unamficha, miaka hii yote?"

Mzee akaagiza kilichobaki kiletwe. Nikakimimina ndani ya nzele, kile kibuyu cha nusu cha kunywea, na hakikufunika hata chini vizuri. Katika nyumba ile, hakuna anayeonja kabla mwanamke mwenyewe hajakubali. Mzee akampa dada yake.

"Uki ya huyu mtu, tukunywe?"

Hotelini mimi hummiminia mgeni kidogo, nikasubiri aitikie kwa kichwa, na sijawahi kuogopa jibu lake. Siku hiyo niliogopa. Mama Mwende alishika nzele kwa muda mrefu akiiangalia. Mjomba akavua kofia.

"Nilichelewa," akamwambia. "Nisamehe."

Mama Mwende akaonja. "Ni kidogo, lakini kunyweni."

Jioni tulirudi madirisha wazi kwa sababu ya harufu. Nilikuwa nimejifunza kwamba ujuzi wangu wa chupa na vizibo haukufika mbali. Kumpa mtu kinywaji ni kumpa nafasi ya kukikataa. Nyuma yangu nikamsikia Mjomba akiuliza kwa sauti ya chini, "Kwani ulikuwa unataka kukataa?"

"Hapana. Nilitaka tu na wewe ungoje kidogo. Ile siku ulinichukua, hakuna mtu aliniuliza."

Pikapu ikavuka tena Mto Athi.

"Basi nakuuliza sasa," akasema Mjomba.

Mama Mwende akageukia dirisha. Tulikuwa tumefika Kanyangi alipomjibu, "Haya, nimekubali."