Baiskeli ya Mama Mkwe Iliyokuwa Inanenepa

Jamani, kuna baiskeli ilitaka kunizika, na sitanii.

Kadiri nilivyokuwa napungua mwili, yenyewe ilikuwa inazidi kuwa nzito. Mimi nakonda, baiskeli inanenepa. Nilianza kudhani nimerogwa, nikahamia kwenye kudhani naumwa, mwisho nikawa namuaga mke wangu kimafumbo.

Ngoja nianzie mwanzo, maana mkidandia habari katikati mtasema natunga.

Mimi ni zimamoto. Kiti changu kwenye lile gari jekundu kiko nyuma ya dereva, upande wa dirisha. King'ora kikilia, mpaka leo moyo unanidunda kama mtoto aliyeahidiwa kutembezwa. Sijui kazi nyingine na wala siitaki.

Tatizo lilikuwa mwili. Nilikuwa bonge la mtu. Kikosini waliniita Tangi, wakidai gari letu lina matangi mawili, moja la maji na jingine limevaa kofia ngumu. Nilikuwa nacheka nao. Kitambi kilinitangulia kuingia mlangoni na sikuona ubaya wowote.

Mpaka siku tulipoitwa kwenye jengo la ghorofa, moshi umetanda ngazini. Wenzangu wakapanda. Mimi niliishia ghorofa ya kwanza nimeshika ukuta, mpira wa maji begani, pumzi zimekata kabisa. Mwenzangu mmoja tunayemwita Mjusi, kwa jinsi anavyoparamia kuta, ikabidi anipokee mpira na kunipita.

Watu wote walitoka salama, namshukuru Mungu. Lakini Afande aliniona.

Afande wetu ni mama mmoja mwembamba, mpole, na huo upole ndio unaotutisha. Kesho yake akaniita ofisini. Hakugomba hata kidogo. Alisema majaribio ya mwaka yakifika nitapanda mnara wa mazoezi na mpira begani kama wenzangu wote, na nikishindwa nitahamishiwa stoo.

"Stoo kufanya nini, Afande?"

"Kugawa soksi."

Mwenzenu nikanywea. Nilirudi nyumbani nikijiona niko nyuma ya kaunta, king'ora kinalia, wenzangu wanakimbilia garini, na mimi namuuliza mtu anavaa saizi gani.

Sasa, nyumbani tunaishi watatu, mimi, mke wangu na mama yake mzazi. Hapa lazima niwaeleze kitu ili mnielewe. Mimi na mama mkwe hatukuwa tunaongea moja kwa moja. Si ugomvi, ni heshima. Yeye ana haya na mkwewe, mimi ndiyo kabisa, nikimuona natafuta pa kuweka mikono. Kwa hiyo kila neno lilipitia kwa mke wangu, hata tukiwa chumba kimoja.

"Mwambie mumeo chai inapoa." Chai iko mbele yangu, na mimi niko mbele ya chai.

"Mwambie mama nashukuru." Mke wangu alishachoka hata kurudia, alikuwa anageuza shingo tu, huku na huku.

Halafu moyoni nilikuwa na uhakika kwamba mama yule hanipendi. Siku ya kwanza nilipokwenda kujitambulisha, hakuniangalia usoni. Alikiangalia kiti nilichokalia, halafu akaagiza niletewe kingine cha chuma. Hilo sikulisahau.

Alipohamia kwetu alikuja na baiskeli yake. Jibaiskeli jeusi la zamani, lina keria pana nyuma. Ujana wake wote alipelekea watu maziwa kwa baiskeli hiyo, na bado alikuwa akiipaka mafuta kila wiki kwa mkono wake. Mke wangu ndiye aliyesema, kwa nini usiombe uwe unaendea kazini, badala ya kukaa hapo unasubiri soksi?

Nikaomba, kwa kupitia redio yetu ya kawaida. Jibu likarudi, "Mwambie aichukue. Ila mteremko ashuke taratibu."

Mimi nilisikia "aichukue" tu. Hayo mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Nyumba yetu iko bondeni. Kwenda kazini ni mlima mtupu. Kurudi ni kushuka, halafu kuna kipande cha tambarare mpaka getini.

Siku ya kwanza nusura nirudi nyumbani kwa magoti. Mama mmoja mwenye kikapu cha sokoni alinipita kwa miguu yake, akanisalimia vizuri, na sikuwa na pumzi ya kumjibu. Makalio yaliwaka moto nikashindwa kukaa garini. Mjusi akaniuliza kama nimekuja na baiskeli au nimeibeba.

Lakini nikajikaza kisabuni. Kila asubuhi mlimani, kila jioni bondeni. Taratibu mwili ukaanza kukubali. Ikafika siku nikapanda mlima wote bila kushuka kusukuma, nikapiga kengele peke yangu pale juu kama mwehu.

Na jioni nikajipatia starehe. Kile kipande cha tambarare nikawa nakikanyaga kwa nguvu zangu zote, naingia getini kwa kishindo, kuku wanatawanyika. Mama mkwe alikuwa dirishani jikoni. Nilitaka aone kwamba yule wa kiti cha chuma sasa anaruka.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Asubuhi moja nakanyaga pedali, naona nzito. Nikasema ni uchovu. Baada ya siku chache, nzito zaidi. Nikapaka mnyororo mafuta, nikajaza upepo, nikakagua magurudumu macho juu chini kutafuta kilichonasa. Hakuna kitu. Nikawa napambana, napambana, mpaka nauzoea uzito huo, halafu asubuhi nyingine nakuta umeongezeka.

Wakati huohuo suruali zikaanza kunivuka. Mkanda ukaongezwa tundu, likaongezwa jingine. Majirani wakawa wananisifia. Mwingine angefurahi, sivyo?

Mimi niliogopa. Mtu anayekonda huku nguvu zinamwisha hayuko kwenye mazoezi, huyo anaondoka. Nilikuwa navuka mlima ule kwa meno, jasho linadondoka kwenye usukani, nikijiuliza kama mwezi uliopita nilikuwa na afya kuliko leo, mwezi ujao nitakuwa wapi?

Nikaenda kwa daktari. Akanipima kila kitu, akasema presha imeshuka vizuri, sukari iko sawa, moyo unapiga kama saa mpya. Akacheka na kunipa mkono. Nikatoka pale nimejua kabisa kwamba ananificha.

Basi nikaanza kuandaa familia. Nikamuonyesha mke wangu funguo za akiba zilipo. Nikamfundisha lile bomba la bafuni, kwamba ukitaka lisivuje lazima ulizungushe huku unalibonyeza. Nikamwambia kwamba kaka yake nimeshamsamehe.

"Kwani unaenda wapi?" akaniuliza. "Acha kunichuria."

Nikageukia ukutani nikajifanya nimelala.

Majaribio yalipokaribia nilikwenda kwa Afande mwenyewe. Nikamwambia anipeleke stoo tu, kimya kimya, nisiaibike mbele za watu. Niliongea nikiangalia viatu vyangu. Kuitoa sentensi hiyo kuliniuma kuliko makalio ya siku ya kwanza.

"Soksi hazikimbii," akasema Afande. "Panda kwanza."

Siku ikafika. Kikosi kizima kimejipanga uwanjani, mnara umesimama pale mbele yetu. Nikatupia mpira begani, filimbi ikalia, nikaingia ngazini.

Ghorofa ya kwanza, nikausubiri ukuta. Nilijua ndipo pumzi zinapokata, hata mkono niliutanguliza. Pumzi hazikukata. Nikaendelea huku nausubiri ule uzito wa asubuhi, ule wa kukanyaga kwa meno. Haukuja. Miguu ilikuwa inapanda yenyewe kama haina habari na mimi.

Nilifika juu nikakosa cha kufanya. Nikachungulia chini. Wote wameinua nyuso.

"Shuka," Afande akasema. "Panda tena."

Nikashuka, nikapanda tena. Ikawa vilevile. Niliporudi chini mara ya pili, Afande aliangalia saa mkononi, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti yake ile ya upole, "Kiti chako kiko palepale, nyuma ya dereva."

Nililia mbele ya kikosi kizima na sikujificha.

Sasa wakati wanashangilia, Mjusi akajifanya mjuaji, akadandia baiskeli yangu azunguke nayo uwanja. Akakanyaga pedali. Baiskeli ikasogea kidogo tu, ikagoma, yeye na baiskeli wakaenda chini.

"Tangi, hiki chuma umekifunga nanga?"

Fundi wetu wa magari akaja, akaipindua. Akazungusha gurudumu la nyuma, likafika nusu likasimama. Breki ya nyuma ya baiskeli zile iko ndani ya kopo la chuma katikati ya gurudumu, huioni kwa macho. Akafungua, akaguna. Kopo lilikuwa limebadilika rangi kwa joto. Breki ilikuwa imekazwa mpaka mwisho wa nati.

"Hii haijajikaza," fundi akasema. "Alama za spana hizi hapa, nyingine bado mpya. Kaka, una adui."

Wote tukamgeukia Mjusi. Akaapa kwa mama yake. Na kweli, pale kazini baiskeli inalala mbele ya mlinzi mchana kutwa. Mahali pengine inapolala ni nyumbani kwangu.

Fundi akailegeza. Nikaondoka kuelekea nyumbani, na jamani, sikuendesha, nilielea. Kwenye tambarare nikakanyaga kama kawaida yangu. Getini niliingia kwa kasi nikapitiliza kuku, nikapitiliza mlango, nikaja kusimama kwenye kamba ya nguo nimevaa shuka kichwani.

Dirishani jikoni nikasikia kifuniko cha sufuria kimeanguka.

Nikaegesha baiskeli ukutani, nikaingia bafuni kuoga, kichwa kimejaa maswali. Niko na povu mpaka masikioni, nikasikia hatua nje. Nikachungulia kwenye kidirisha.

Mama mkwe. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anapiga goti kwenye baiskeli. Akachomoa spana kwenye pindo la nguo.

Mama mzima, mzazi wa mke wangu, kumbe ndiye. Hasira zikanipanda mpaka nikasahau haya zangu zote.

"Mama, unafanya nini?"

Ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia mama yule bila kupitia kwa mtu. Niliyasema kupitia kidirisha cha bafuni, nina sabuni kichwani.

Alishtuka, spana ikamponyoka. "Mwambie..." akaanza, akageuka kumtafuta mke wangu. Mke wangu alikuwa hajarudi kutoka kazini. Tulikuwa mimi na yeye tu.

Akaongea na gurudumu, si na mimi.

"Unaingia getini kama mtu anayefukuzwa. Siku ile ya kwanza nikasema breki imelegea, nikaikaza. Ukazidi. Nikakaza tena, ukazidi tena. Leo ndiyo umekuja kama jiwe."

"Mama, mimi nilijua nakufa. Nimeshaaga watu."

"Na mimi nilikuwa nazuia usife." Akainua uso. "Baba yao alishuka mteremko na breki mbovu, nimesimama mlangoni namsubiri. Alitembelea fimbo mpaka anaingia kaburini. Wewe nikuone hivyohivyo, na binti yangu amesimama hapa?"

Sabuni ilinimwagikia machoni. Haya, haikuwa sabuni peke yake.

"Kwa hiyo... hunichukii?"

Aliniangalia kama mtu anayeshangaa mjinga.

"Ningekuchukia ningeilegeza."

"Na kile kiti cha chuma?"

"Cha mbao kilikuwa na mguu mbovu. Ulitaka uanguke mbele ya wakwe?"

Akaokota spana yake, akarudi jikoni. Nilibaki pale dirishani maji yakimwagika bure, nacheka na kulia kwa pamoja.

Mke wangu aliporudi tulikuwa mezani, kila mtu na sahani yake. "Mwambie mumeo aongeze mboga," mama akasema. "Mwambie mama zinatosha," nikajibu. Heshima zetu zikarudi mahali pake, na mke wangu hakuelewa kwa nini sisi wawili tunatabasamu na sahani.

Ninyi mnaosoma hapa huku mmekata tamaa na mazoezi, nawaambia kitu kimoja. Ukiona njia haizidi kuwa nyepesi, usikimbilie kusema huna maendeleo, na usianze kugawa funguo za akiba. Inawezekana umekuwa na nguvu kuliko unavyojua. Kagua breki kwanza. Ukikuta zimekazwa, muulize aliyezikaza kabla hujamwita adui.

Mwaka huu majaribio yanakaribia tena, na likizo ilinikuta na mikate mingi. Jana asubuhi mlima nimeuona mwepesi mno, wala sikutoka jasho. Jioni tukiwa mezani nikamgeukia mke wangu.

"Mwambie mama breki zimelegea."

Mama hakusubiri hata iwasilishwe.

"Mwambie nimeshakaza."